Aliyejenga na Aliyejengesha

Nguvumali ni kata ndani ya Jiji la Tanga, na jina lake linaunganisha maneno mawili ambayo makumbusho yetu yamezoea kuyatenga. Nguvu ni mali. Mwenye mikono miwili na afya ana mtaji, hata kama mfukoni hana kitu. Jina hilo liliwahi kuvuma pwani kwa sababu ya mganga aliyeitwa hivyo, ambaye Hasani bin Ismail alimtungia utenzi uliochapishwa mwaka 1968. Lakini hata asiyejua habari za mganga huyo akilisikia analielewa, kwa kuwa Tanga imelelewa na jasho la bandari, reli na mkonge. Nataka kulichukua jina hilo kama kipimo na kuvuka nalo bahari hadi Unguja, kwenye jumba jeupe la Mizingani ambamo masultani walikaa na ambalo tangu mwaka 1994 ni makumbusho. Ninachodai ni kwamba kasri likigeuzwa makumbusho huonyesha mali na kuficha nguvu, na likifanya hivyo humnyima mtazamaji hata ile mali yenyewe, kwa sababu mali ambayo haijulikani ilikotoka haieleweki; hushangaza tu.

Jumba hilo limepita mikono mingi. Beit al-Sahel, yaani nyumba ya pwani, ilikuwa ya Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini mwaka 1856. Ya kwanza iliangushwa kwa mizinga mwaka 1896, na iliyopo leo ilifuata baadaye. Khalifa bin Harub aliyetawala tangu mwaka 1911 hadi 1960 ndiye aliyekaa humo kwa muda mrefu, na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 jumba likawa la umma na kuwekwa ofisi, hadi lilipofunguliwa kwa watazamaji miaka 30 baadaye. Maonyesho yalipangwa kwa kufuata tawala: chini ni zama za Seyyid Said na wanawe, katikati ni ufahari wa mwanawe Barghash, juu kabisa ni vyumba vya Khalifa, na kuna chumba cha Bibi Salme. Ukutani ni picha za masultani. Katika vyumba vya juu zimo samani za fomaika, zile zilizokuwa fasheni ya miaka ya 1950, na nadhani ndizo zinazomgusa mgeni wa kawaida kuliko kiti chochote cha kuchongwa. Fomaika tunaijua. Iliingia Ngamiani na Chumbageni huku Tanga pia, ikabandikwa kwenye makabati ya makarani na wafanyabiashara. Mtazamaji anatabasamu: kumbe naye alikuwa na kabati kama la mjomba. Hapo mtawala anakuwa mtu, na hilo ni jambo jema. Lakini tabasamu likiisha linabaki swali ambalo hakuna kibao kinacholigusa. Kabati hili lilikuwa likifutwa vumbi na nani?

Mtu wa Tanga ana haki ya kuuliza, kwa kuwa kasri lile si la jirani. Ukanda huu wote wa pwani ulikuwa chini ya bendera ya Sultani, na Tanga na Pangani zilikuwa na maliwali wake. Misafara ya pembe za ndovu ilishuka Pangani ikitoka bara. Kando ya mto ule yalilimwa mashamba ya miwa kwa mikono ya watumwa, na sukari yake ikapakiwa kwenye majahazi. Mwaka 1888 Wajerumani walipojaribu kutawala kwa jina la Sultani, vita vililipuka Pangani, na kiongozi wake Abushiri bin Salim akanyongwa hapohapo Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1890 Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4, na pwani hii, pamoja na kila aliyekuwa akiishi juu yake, ikahamia kwa bwana mwingine. Kwa hiyo mtu wa Nguvumali anayepanda ngazi za Mizingani anaingia kwenye nyumba iliyowahi kupokea fedha za ardhi aliyozaliwa. Si mtalii hata kidogo.

Tatizo linaanzia kwenye kitenzi. Tumezoea kusema na kuandika kwamba Seyyid Said alijenga jumba la Mtoni, kwamba Barghash alijenga Beit al-Ajaib, yaani jumba la maajabu, mwaka 1883. Kiswahili kina njia ya kusema kweli zaidi kuliko hapo, tena kwa silabi moja tu: alijengesha. Atakayebisha atasema mbona kila siku tunasema fulani kajenga Pongwe, ilhali ni fundi aliyejenga, na hakuna anayedanganyika. Ni kweli, lakini ni kwa sababu leo fundi anajulikana. Jirani anamjua aliyepandisha ukuta, anajua aliyepaua, anajua hata aliyedhulumiwa ujira wake. Kitenzi kinaweza kulegea kwa kuwa mtaa mzima umeshika ukweli wake. Baada ya miaka 100 mtaa huo haupo tena. Kimebaki kibao peke yake, na neno «alijenga» linakuwa limemmeza fundi mzima mzima, yeye na watoto wake. Sultani hakubeba jiwe. Hilo sisemi kwa kumbeza, kwa maana hakuna mtawala wa nchi yoyote aliyebeba. Nalisema kwa sababu anayeamini kwamba alijenga yeye hatafikiria kuuliza jiwe lilibebwaje.

Na namna lilivyobebwa ni elimu ya kutosha kujaza ghorofa nzima. Kuta za majumba ya pwani ni matumbawe. Yapo yaliyochimbwa nchi kavu, magumu, ya kujazia ukuta. Yapo yaliyokatwa baharini maji yakiwa yametoka, laini, yanayochongeka yakiwa bado mabichi kisha hukauka na kuwa magumu, na hayo ndiyo yaliyotengenezewa vidaka na nakshi. Chokaa ilichomwa: magogo yanapangwa duara, matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa, kisha jiwe lililoiva linamwagiwa maji hadi lipasuke na kuwa unga. Dari ilibebwa na boriti za mikoko zilizokatwa kwenye matope ya delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, na kwa kuwa boriti ya mkoko haizidi sana mita 3, chumba cha jadi cha pwani nacho hakizidi hapo kwa upana. Tajiri angeweza kurefusha chumba chake apendavyo, ila upana uliamuliwa na mti, na mti uliamuliwa na uwezo wa mtu kuukata na kuubeba begani huku akizama magotini. Juu ya boriti ikaja sakafu. Kokoto na chokaa vilimwagwa, kisha wapigaji, aghalabu wanawake, wakajipanga safu na kuishindilia kwa vipande vya miti, siku baada ya siku, kwa nyimbo na ngoma, hadi ikakaza kama jiwe na kukataa maji ya mvua. Mgeni anayetembea kwenye jumba la zamani anatembea juu ya kazi hiyo. Angeambiwa hivyo mlangoni, nina hakika angekanyaga kwa namna nyingine.

Nje ya jengo kuna karafuu, iliyolipia yote haya. Karafuu haina mashine. Kila kishada kinachumwa kwa mkono na mtu aliye juu ya mti, kinachambuliwa makonyo kwa vidole, kinaanikwa kwenye majamvi, kinaanuliwa mvua ikitishia. Utajiri wa Unguja na Pemba wa karne ya 19 ulikuwa ni vidole hivyo mara maelfu kwa maelfu, na vingi vilikuwa vidole vya watu waliovushwa kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa mwaka 1897. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo, wakasubiri hadi mwaka 1909. Tarehe hizi tatu zinapaswa kusomwa mbele ya meza ya kulia chakula ya kasri, maana zinaeleza nani aliiandaa na kwa hiari ya nani.

Siku ambayo nguvu hiyo ilionekana waziwazi ni ileile ambayo jumba la kwanza liliangamia. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zilifyatua mizinga dhidi ya Khalid bin Barghash aliyekuwa amekalia kiti cha enzi bila ridhaa yao. Vita vilichukua takriban dakika 40, na vitabu vya maajabu ya dunia hupenda kuvitaja kuwa ndivyo vifupi kuliko vyote. Kwa waliokuwa ndani ya jumba dakika hizo hazikuwa fupi. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na miongoni mwa waliowekwa kulinda kasri walikuwamo watumishi na watumwa. Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akasafirishwa hadi Dar es Salaam, akaishi miaka 30 zaidi. Jina lake tunalo. Walioungua hatuna hata orodha yao.

Sauti mashuhuri zaidi iliyotoka ndani ya makasri ya Unguja ya wakati ule na kuandikwa ni ya Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuchapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Ni hazina kwelikweli, na makumbusho yalifanya vyema kumpa chumba. Lakini kitabu kile kinahitaji kusomwa kwa macho mawili. Kwa upande mmoja kinatetea utumwa wa kwao na kusema haukuwa mkali kama wa Marekani. Kwa upande mwingine, kinaeleza habari ya mama yake, Jilfidan, Mcherkesi aliyenyang'anywa wazazi na vita akiwa mtoto mdogo, akanunuliwa na kuingizwa nyumbani kwa Sultani. Yaani binti mfalme ni mtoto wa mtoto aliyeuzwa. Wengi wa watoto wa Seyyid Said walizaliwa na masuria, basi nasaba yenyewe ya utawala ilipita kwenye matumbo ya wanawake walionunuliwa. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha kwa ukaribu zaidi kwamba ndani ya kasri nguvu na mali havikuwa ghorofa mbili tofauti. Vililala chumba kimoja, vikazaa. Maonyesho yanayomweka Salme kama hadithi ya mapenzi na kutoroka yanaacha kiini chake nje.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni la watunza makumbusho wenyewe. Watasema: sisi tunaonyesha kilichobaki, na mtumwa hakuacha kabati. Kombe la Sultani limesalia kwa kuwa lilifungiwa. Kata ya mpishi ilivunjika ikatupwa. Ninalikubali nusu. Ni kweli vitu vya wanyonge havidumu, lakini nimekwisha kusema kwamba ukuta, boriti na sakafu ni vitu vyao na vimedumu. Kinachokosekana ni kibao tu. Na pale ambapo kitu kimepotea kabisa, yapo makumbusho yaliyothubutu. Nyanza, nchini Rwanda, nyumba ya mfalme ya msonge ilijengwa upya, na nyuma yake zikajengwa nyumba mbili ndogo: ya maziwa, iliyokuwa ikitunzwa na msichana asiyeolewa, na ya pombe, iliyotunzwa na kijana wa kiume. Mgeni haondoki Nyanza akidhani maziwa ya mfalme yalijileta. Mbali zaidi, Louisiana nchini Marekani, shamba la miwa la Whitney lilifunguliwa mwaka 2014 likaamua kusimuliwa kutoka upande wa waliotumikishwa, majina yao yakachongwa kwenye kuta. Nyumba ya tajiri ipo palepale, inatembelewa, ila mgeni anaifikia akiwa ameshapita kwenye majina.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwa kuwa linaonekana kuwa limeshalijibu lile la kwanza. Unguja haijaficha utumwa, litasema, nenda Mkunazini. Pale palipokuwa na soko limesimama kanisa la Waanglikana, kuna vyumba vya chini vinavyoonyeshwa wageni, kuna maonyesho, na uwanjani kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni wamefungwa minyororo ya kweli. Anayetoka hapo bila kuguswa ana moyo wa jiwe. Kwa nini basi kurudia yaleyale kasrini? Kwa sababu hiyo ndiyo talaka ninayoilalamikia. Mji mmoja umegawa kumbukumbu yake katika nyumba mbili: moja ya machozi, nyingine ya fahari. Asubuhi mgeni analia Mkunazini, mchana anavutiwa na samani Mizingani, na safari fupi ya miguu kati ya nyumba hizo inatosha kusahaulisha kwamba moja ilikuwa ikiilisha nyingine. Zaidi ya hapo, Mkunazini inamwonyesha mtumwa wakati wa kuuzwa tu, amefungwa, kimya. Haimwonyeshi akiwa fundi chokaa, seremala, mpishi, nahodha, yaya anayemfundisha mtoto wa Sultani Kiswahili. Machungu yake tumeyaona. Ufundi wake hatujauona, na kwenye kasri ndiko ulikobaki. Mtu anayeoneshwa kwenye mnyororo peke yake anaendelea kunyimwa kile alichokuwa nacho hata alipokuwa amenyimwa vyote.

Wako pia wanaoogopa, nao nawaheshimu. Watasema mambo haya yana damu. Januari 1964 watu waliuawa na wengine kukimbia, wapo hadi leo wenye ndugu Unguja, Tanga na Muscat ambao meza moja inawakutanisha kwa shida, na anayechokonoa utumwa ndani ya kasri anachochea kabila dhidi ya kabila. Siwezi kulipuuza hili. Lakini naona ukimya ndio unaolisha hofu hiyo, kwa kuwa habari isiyosemwa kwa utaratibu makumbushoni husemwa bila utaratibu vijiweni, nako huko hakuna Jilfidan, hakuna mtumwa aliyekuja kumiliki watumwa, hakuna Mswahili mwenye shamba la miwa Pangani. Kuna «wao» na «sisi» tu. Ukweli wa kasri umechanganyika mno kiasi kwamba hauwezi kumfaa mtu anayetafuta adui. Kueleza kazi si kumshitaki mjukuu.

Na kazi haijaisha kuua. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati uliogharimiwa na Oman, na watu wawili waliokuwa kazini humo wakafa. Dunia ililililia jengo: la kwanza kuwa na umeme katika eneo hili, la kwanza kuwa na lifti, saa yake maarufu, nguzo zake za chuma. Ni haki kulilia. Humo ndani palikuwa na mtepe uliojengwa upya na mafundi, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na ndicho kitu kimoja katika majumba yale ambacho kazi yake ilikuwa haifichiki, maana kila tundu na kila mshono ulionekana kwa macho. Jengo litakaposimama tena patawekwa jiwe la ufunguzi lenye majina ya viongozi. Nafasi ya majina mawili zaidi haitakosekana, kama wenye kuchonga wataambiwa wachonge.

Haya yote yanarudi Tanga. Karibu na bandari, Boma la zamani la Wajerumani limekarabatiwa na kuwa makumbusho ya Urithi, na kuna picha za mji wa zamani. Halikuwa kasri, lakini lilikuwa nyumba ya amri, na baada ya marki milioni 4 ndilo lililochukua nafasi ya Mizingani katika maisha ya watu wa huku. Humo hatari ni ileile: tunaweza kuandika kwamba Mjerumani alijenga reli, kwamba mwenzake Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, miche 62 tu iliyosalia, na tukaishia hapo. Miche 62 haikujipanda ikafika hadi Korogwe. Ilipandwa, ikakatwa na kufungwa matita na watu walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, waliotoka Kigoma, Umakonde na Burundi, na walioingia kwenye kipande cha siku 30 ambazo ujira wake ulilipwa zikikamilika. Wapiga sakafu wa Unguja hatutawasikia tena. Nyimbo zao zimekwenda nao. Manamba wa mwisho bado tunao. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1960 leo amevuka 80, yuko Nguvumali, Muheza au Pongwe, anaota jua barazani kwa wajukuu. Aulizwe namba yake ilikuwa ngapi, nyapara wake aliitwaje, matita mangapi yalihesabiwa kuwa kazi ya siku, mwiba wa mkonge ukimchoma jichoni mwenzake walifanya nini, na walikuwa wakiimba wimbo gani wakienda shambani alfajiri. Na majibu yake yaandikwe chini ya picha, pamoja na jina lake.